Nafasi Tupu Ndani ya Betri

Umeme unaporudi usiku Kwa Mrombo, Arusha, watoto hupiga kelele mtaa mzima, na mara hiyo hiyo feni ya inveta huanza kunguruma sebuleni. Ukitoka kuitazama mita ya LUKU utakuta taa yake nyekundu inapepesa haraka kama vile kuna mtu anapiga pasi. Hakuna anayepiga pasi. Inveta imeona umeme wa TANESCO umeingia na inaumimina kwenye betri kwa nguvu zake zote. Kukipambazuka, jua litachomoza upande wa Kilimanjaro, litazipiga paneli nne zilizofungwa juu ya bati, na litakuta betri imejaa hadi mdomoni. Friji itachukua kidogo, simu mbili zitachukua kidogo, na sehemu kubwa ya jua la siku ile itapotea bila mtu kujua, kwa sababu hasara ya namna hii haitoi moshi wala harufu.

Mafundi huulizwa kila siku kama betri ya sola inaweza kuchajiwa na umeme wa TANESCO kupitia inveta, nao hujibu kwamba inaweza. Ni kweli. Ila jibu hilo limeishia mlangoni. Nyumba iliyounganishwa na gridi, ikiwa na paneli juu na betri chini, ina vyanzo viwili vinavyogombea chombo kimoja, na chombo hicho kina ukubwa wake. Kwa hiyo mali ya thamani ndani ya betri wakati wa alfajiri ni ile nafasi tupu. Anayeijaza usiku kwa umeme wa kununua amelifungia jua mlango kabla halijafika. Zipo sababu njema za kuchaji kwa gridi, na nitazieleza, lakini karibu zote ni sababu za bima. Bima ni kitu kizuri mradi mtu ajue kwamba analipia bima, na analipa kiasi gani.

Kwanza tuifungue mashine yenyewe. Inveta zinazouzwa sasa Arusha mjini, zile ambazo mafundi huziita haibridi, zina milango mitatu ya kuingilia: mmoja wa paneli, mmoja wa betri, mmoja wa TANESCO. Mlango wa nne ni wa kutokea, unaokwenda kwenye taa na soketi za nyumba. Ndani yake kuna chaja mbili. Moja hupokea umeme wa paneli na kuulainisha hadi kiwango ambacho betri inakitaka. Nyingine huchukua umeme wa volti 230 wa gridi, huugeuza kuwa umeme wa betri, na kuusukuma ndani. Hii si sawa na ile inveta inayofungwa viwandani na hotelini bila betri, inayochanganya umeme wake moja kwa moja na wa gridi. Ile gridi ikizimika nayo huzima, kwa usalama wa watu walio kwenye nguzo. Wapo walioinunua hiyo kwa kuambiwa ni bei nafuu, wakakaa gizani na jua likiwa limewaka saa sita mchana.

Katika inveta nyingi za haibridi, utaratibu wa nani achaji betri huwekwa kwenye kipengele namba 16 cha mipangilio. Kioo huonyesha herufi tatu. SNU ni jua na gridi kwa pamoja. OSO ni jua peke yake. CSO ni jua kwanza. Wenye nyumba wengi wakisikia "jua kwanza" huridhika, na hapo ndipo mtego ulipo. Mashine huielewa amri hiyo hivi: jua likiwepo, jua lichaji, jua lisipokuwepo, gridi ichaji. Usiku jua halipo. Basi kila usiku inveta iliyowekwa CSO, ikishahamia kwenye umeme wa TANESCO, huijaza betri hadi mwisho, na hufanya hivyo kwa utiifu kamili. Nimeona nyumba ambayo mwenyewe aliapa kwamba anatumia jua tu, na mita yake ilikuwa ikipepesa saa saba usiku huku familia nzima imelala.

Tuweke hesabu, maana bila hesabu jambo hili hubaki maneno. Betri ya lithiamu inayopatikana sana sasa ni ya volti 51.2 na saa-ampea 100, yaani inabeba kama uniti 5. Umeme wa gridi ukigeuzwa kuingia kwenye betri hupotea kidogo, ukikaa ndani hupotea kidogo, na ukigeuzwa tena kuja kwenye soketi hupotea kidogo. Ukijumlisha, katika kila uniti 10 unazonunua kwa ajili ya betri, zinazorudi kukuwashia taa ni kama 8. Mteja wa kawaida wa daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT, tozo ya REA, wakala wa nishati vijijini, na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, inafika karibu 357. Igawe kwa 0.8: uniti moja iliyopitia kwenye betri imekugharimu shilingi 446. Hujaongeza bado uchakavu wa betri.

Uchakavu nao una bei. Tuseme betri imenunuliwa shilingi milioni 3, na itaweza kujazwa na kumwagwa mara 4,000, kila mara ikitoa uniti 4.5. Hizo ni uniti 18,000 kwa maisha yake, na kila moja imebeba shilingi 167 za betri. Mwenye bei tofauti abadilishe namba. Hesabu ni ile ile. Uniti iliyotoka TANESCO, ikapita kwenye betri, ikarudi sebuleni, imefika shilingi 613. Ungeiwasha moja kwa moja kutoka kwenye nguzo ingekuwa 357. Kwa kuwa mteja wa nyumbani hulipa bei ile ile saa nane usiku na saa nane mchana, hakuna faida ya kununua usiku ili utumie mchana. Unachopata kwa hizo shilingi 256 za ziada ni kitu kimoja tu: taa kuwaka wakati mtaa mzima uko gizani. Kwa mwenye friza la nyama au mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni, hiyo ni bei ndogo mno. Kwa mtu anayefanya hivyo kila usiku bila kujua, ni pesa inayovuja.

Sasa linganisha na jua. Paneli nne za wati 450, katika siku nzuri ya Arusha yenye saa kama tano za jua kamili, baada ya kutoa hasara za joto, vumbi na nyaya, hutoa kama uniti 6 au zaidi kidogo. Mchana nyumba ya kawaida hutumia moja na nusu. Zinabaki nne na kitu zinazotafuta pa kulala. Kama jana jioni familia ilitumia uniti 3 za betri, na usiku TANESCO ikazirudisha, umenunua uniti 3.75 kwa karibu shilingi 1,340, na leo mchana jua halina pa kuweka zake. Kwa mwezi hiyo ni kama shilingi 40,000, katika nyumba ambayo mwenyewe amelipa mamilioni ili asiilipe TANESCO.

Yupo mteja ambaye hesabu yake inageuka, naye anastahili kuambiwa ukweli. Ni yule wa daraja la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipa shilingi 100 kwa uniti, karibu 122 ukijumlisha kodi na tozo. Kwake uniti ya jua iliyopita kwenye betri, ikibeba shilingi 167 za uchakavu, ni ghali kuliko ya TANESCO. Betri huzeeka hata ikikaa bure, kwa hiyo hesabu hii haipaswi kushikwa kwa ukali sana, lakini mwelekeo wake ni sahihi: mteja wa D1 aitumie betri yake kama akiba ya siku umeme unapokatika. Wala asidhani atapunguza bili kwa kuizungusha kila siku. Na ajihadhari na jambo moja ambalo sijaona likisemwa dukani. Inveta ya kilowati tano, ikiwa imewashwa tu bila kubeba chochote, hula kama wati 50. Kwa siku ni uniti 1.2, kwa mwezi ni 36. Inapokula kutoka gridi, hiyo ni karibu nusu ya zile 75 anazoruhusiwa. Ongeza kuchaji betri usiku, na mtu aliyekuwa akitumia uniti 60 anavuka 75 bila kuongeza hata balbu moja. Kinachozidi hapo ni shilingi 350 kwa uniti kabla ya kodi, na akiendelea kuvuka anaweza kujikuta amehamishiwa T1. Kwa nyumba ndogo kama hiyo, inveta ya kilowati moja na betri moja ndogo ingemfaa kuliko dude kubwa aliloshawishiwa kununua.

Kwa nini basi watu wanataka betri ijae muda wote? Kwa sababu wana kumbukumbu. Arusha iko mbali na mabwawa makubwa. Kwa miaka mingi umeme wa huku umesafiri kutoka kusini, ukapanda hadi Singida, ukapita Babati, ukashuka kituo cha Njiro, na mstari mrefu kiasi hicho huchoka njiani. Mwaka 2006 na 2011 nchi ilipita kwenye migao mikali wakati mabwawa yalipokauka, na mgao ukarudi mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Aliyekuwa na bucha wakati huo hasahau. Kwa Mrombo, upande wa Muriet kusini mwa jiji, watu hufika kutoka mbali kwa ajili ya nyama choma, na nyuma ya kila jiko la nyama choma kuna friza. Saa kumi bila umeme ni mzigo wa nyama kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Hali ya uzalishaji imebadilika tangu hapo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya nchini Kenya hadi Singida, inayopita kituo cha Lemugur hapa Arusha, imeunganisha gridi hizi mbili. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani Kilimanjaro, alieleza kwamba mikoa ya kaskazini itapata umeme wa kununua kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme unaoletwa kutoka kusini hupotea njiani, hasara aliyoitaja kuwa shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Maana yake kwa mtu wa Kwa Mrombo ni hii: umeme ukikatika siku hizi, mara nyingi tatizo liko karibu. Ni nguzo iliyoanguka, fyuzi ya transfoma iliyokatika, matengenezo ya mstari, au mti ulioangukia waya wakati wa masika. Kukatika kwa namna hiyo huwa kwa saa chache, hakuendi siku tatu. Na saa chache zinahitaji akiba ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku, friji ya kawaida hula robo uniti, televisheni kama 0.4, taa 0.2, kifaa cha intaneti 0.05. Jumla haifiki uniti moja. Betri ya uniti 5 iliyobakiwa na asilimia 30 inaiweza kazi hiyo na chenji inabaki. Kuijaza hadi 100 kila usiku ni kulipia bima ya mgao wa 2011 katika mwaka ambao adui ni fyuzi.

Kwa hiyo kwa miezi mingi ya mwaka, mimi ningeiweka inveta ya nyumba ya lithiamu kwenye OSO, jua peke yake lichaji, na ningeiambia ihamie TANESCO betri ikifika asilimia 40 hivi. Nyumba inaendelea kuwaka kwa umeme wa gridi, betri inalala na akiba yake, na asubuhi jua linakuta nafasi ya asilimia 60. Kuna sharti moja. Volti ya betri ya lithiamu haisemi ukweli; inakaa pale pale kwenye 52 au 53 kutoka karibu ijae hadi karibu iishe. Inveta inayosoma volti tu hubahatisha. Lazima waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta uchomekwe, na aina ya betri ichaguliwe sawasawa kwenye mipangilio, ndipo asilimia zionekane. Ule waya huja ndani ya boksi, na mara nyingi hubaki ndani ya boksi.

Betri za risasi, za maji na zile kavu, zina tabia nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokataza kuchaji kwa gridi moja kwa moja. Betri ya risasi haipendi kuishi nusu nusu. Ikikaa siku nyingi bila kujaa kikamilifu, chumvi ya salfeti hukomaa juu ya sahani zake na haitoki tena. Uwezo wake hupungua kila wiki hadi siku moja taa zinazima baada ya nusu saa. Tena kuijaza kuna hatua mbili. Hadi kama asilimia 80 hupokea haraka. Asilimia 20 za mwisho hutaka saa tatu au nne za mkondo mdogo unaoshuka polepole, na volti ikishikiliwa karibu 14.4 kwa betri ya volti 12. Jua la alasiri yenye mawingu haliwezi kumaliza kazi hiyo. TANESCO inaweza. Kwa betri ya saa-ampea 200, hizo asilimia 20 ni kama nusu uniti, pengine shilingi 200 na kidogo ukihesabu hasara. Kutoa shilingi 200 kila wiki au wiki mbili ili kulinda betri ya laki kadhaa ni matumizi mazuri kuliko yote yanayotajwa katika makala haya. Jua lifanye kazi nzito asubuhi, gridi imalizie jioni, kwa mkondo mdogo. Na betri za maji ziwe mahali penye hewa, kamwe zisiwekwe chumba cha kulala, kwa sababu zikikaribia kujaa hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche moja.

Majira nayo yana neno. Aliyezoea Dar es Salaam hudhani Arusha ni jua mwaka mzima. Juni hadi Agosti mawingu hushuka kutoka Mlima Meru na kukaa juu ya mji hadi saa tano, mara nyingine siku nzima. Kwa Mrombo, ikiwa uwandani na mbali kidogo na mlima, hupata nafuu kuliko Ilboru au Ngaramtoni, lakini nayo huguswa. Zile uniti 6 zinaweza kushuka zikawa 3. Wakati huo, na wakati wa masika, nafasi tupu ndani ya betri haina wa kuijaza, na hoja yangu ya OSO hulegea. Hapo CSO ina maana, ikiwa imewekewa kikomo. Kipengele namba 11 katika inveta nyingi za aina hii kinaamua gridi ichaji kwa ampea ngapi. Kiweke 10. Betri itapata kama wati 540, itapanda taratibu usiku, na haitaumiza mtu.

Kiangazi cha Januari na Februari kinataka kitu kingine: ngazi na ndoo ya maji. Vumbi la uwandani linalopulizwa na magari hutengeneza utando juu ya paneli. Zioshwe asubuhi kabla hazijapata joto. Nimewahi kumshauri mtu aongeze paneli, kumbe alihitaji kitambaa.

Hicho kikomo cha ampea 10 nakisisitiza kwa sababu faida yake inavuka ukuta wa nyumba yako. Inveta nyingi zikiachiwa huru huweza kuchukua hadi ampea 60 kutoka gridi kwa ajili ya betri. Kwa volti 54 hiyo ni zaidi ya kilowati 3.2 zinazoingia ndani ya betri, na kama kilowati 3.5 zinazotoka kwenye nguzo. Chukua mtaa wenye nyumba 20 za namna hiyo chini ya transfoma moja ya kVA 100. Umeme umekatika saa moja jioni, umerudi saa nne. Kwa sekunde zile zile nyumba 20 zinadai kilowati 70 kwa ajili ya betri peke yake, huku kila friji na friza vikianza kuvuta kwa pamoja baada ya kupoteza ubaridi. Volti inaanguka. Fyuzi inakatika. Mtaa unarudi gizani, na betri zilizosababisha giza ndizo zinazowaokoa wenyewe, wakati jirani asiye na sola anakaa na kibatari. Afrika Kusini walilipitia hili, hasa mwaka 2023 ambao mgao wao ulikuwa mkali kuliko wakati wowote: mashirika ya umeme yalikuta kwamba kila umeme uliporudi, betri za majumbani zilivuta kwa pamoja na kuongeza mzigo mahali ambapo vifaa vilikuwa vimechoka tayari. Nyumba zile zile 20, zikiwa na kikomo cha ampea 10, hudai kama kilowati 12. Kipengele kimoja cha mipangilio, dakika moja ya kubonyeza, na transfoma ya mtaa inapumua. Naliona hili kama jambo la ujirani kuliko la ufundi.

Gridi yetu ya mtaani ina udhaifu mwingine, volti kushuka jioni, hasa pale karakana za kuchomelea zinapokuwa bado zinafanya kazi. Inveta ina kipimo cha volti inazozikubali: kipana, kuanzia 90 hadi 280, na chembamba, kuanzia 170 hadi 280. Ukiweka kipana, itaendelea kupitisha umeme mchovu hadi kwenye friji yako na mota ya friji itaungua taratibu. Ukiweka chembamba, itahamia kwenye betri kila volti inapoanguka. Mimi huchagua chembamba na kuacha akiba ya kutosha. Jambo moja watu hulikosea: gridi inapokuwepo, inveta za kawaida hupitisha umeme wa TANESCO kama ulivyo. Haziunyooshi. Kifaa cha kulinda friji kibaki mahali pake.

Na vipo vitu visivyopaswa kuguswa na upande wa inveta hata kidogo. Arusha ina baridi, na nyumba nyingi zina hita ya kuogea inayochemsha maji papo hapo kwa kilowati tatu na nusu hadi tano na nusu. Ikiwashwa juu ya betri itaimaliza au itaiunguza inveta. Hita, pasi na jiko la umeme vibaki kwenye laini za TANESCO peke yake. Taa, friji, televisheni na soketi za kuchajia ndizo ziende upande wa inveta, kwa breka zake.

Hapo tunafika kwa mtu ambaye haonekani katika mazungumzo haya: fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo nje ya nyumba yako akiamini kwamba waya aliouzima umekufa. Inveta nzuri iliyofungwa vizuri huachana na gridi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hatari huja pale mtu anapochomeka umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili ili "nyumba nzima iwake", au pale waya wa nyutro wa inveta unapochanganywa na wa TANESCO ndani ya boksi moja. Umeme wa betri yako hutoka nje, hufika kwenye transfoma, na transfoma ikifanya kazi kinyumenyume huupandisha hadi maelfu ya volti. Anayekufa ni mtu aliyekuja kukusaidia. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ethi ipimwe, na breka za upande wa betri ziwe za umeme wa betri. Breka za kawaida za nyumbani hazikuundwa kuzima cheche ya aina hiyo.

Linabaki swali la ziada. Nyumba ikishatumia, betri ikishajaa, jua linalobaki liende wapi? Kenya imejibu kwa Sheria ya Nishati ya 2019 na kanuni zake za 2024: mwenye sola anaweza kurudisha umeme kwenye gridi, akahesabiwa nusu ya uniti alizorudisha. Mita ya kawaida ya LUKU iliyoko ukutani kwetu haikupi hesabu hiyo. Tena mita nyingi za malipo ya kabla zimetengenezwa kuuona umeme unaorudi kama uchezewaji: nyingine hukata, nyingine huuhesabu kana kwamba umeutumia, na unajikuta ukilipia jua lako mwenyewe. Kwa hiyo inveta zenye uwezo wa kurudisha umeme zifungiwe uwezo huo. Ziada itafutiwe kazi ya mchana hapo hapo nyumbani: pampu ya kupandisha maji kwenye tangi saa saba badala ya usiku, kufua, friza kugandishwa zaidi mchana ili lipite usiku kwa ubaridi wake. Tangi la maji lililojaa ni betri isiyochakaa.

Arusha haijaanza jana katika mambo haya. Kampuni ya Off Grid Electric, iliyobadili jina mwaka 2018 kuwa ZOLA Electric, ilianzia mji huu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikiuza mifumo midogo ya sola kwa malipo ya kidogo kidogo kwa watu ambao nguzo haikuwafikia. Leo wanunuzi wakubwa wa betri ni watu ambao nguzo iko getini kwao. Sheria ya VAT ya 2014 imesamehe kodi hiyo paneli, inveta na betri za sola, na bei za lithiamu zimeendelea kushuka. Bado mteja wa nyumbani ana bei moja ya umeme, mchana na usiku.

Ikiwa siku moja EWURA itaidhinisha bei nafuu ya usiku kwa majumbani, hoja yangu ya nafasi tupu itabidi ipimwe upya, na kipimo chake kinaweza kuandikwa leo. Kwa betri ile ya milioni 3, toa 167 kwenye 357, zidisha kwa 0.8: bei ya usiku italipa ikiwa chini ya shilingi 152 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo. Betri ikishuka hadi milioni moja na nusu, mpaka unapanda hadi 219. Na hata hapo, mwenye paneli juu ya bati atalazimika kwanza kutazama anga la upande wa Meru saa tatu usiku, akadirie kesho itakuwaje, ndipo aamue aiachie gridi asilimia ngapi.